Paa Nililolitupa

Rehema mwanangu,

Salamu ndefu sitaandika, maana tunaishi nyumba moja na asubuhi tumeamkiana vizuri. Wewe na mama yako mmekwenda Porte de Namur kusuka nywele, na kwa mtindo uliouchagua najua hamtarudi kabla ya magharibi. Nimepata saa nne au tano za ukimya, kitu ambacho katika nyumba hii hakijatokea tangu ulipojifunza kusema. Kesho saa tatu kasoro robo utapanda treni ya Liège, utakaa miaka mitatu kusomea ualimu, na mimi nitakuwa kazini nashika ufagio. Kwa hiyo naandika leo.

Mambo ya kula, ya baridi, ya kufunga mlango mara mbili na ya kutopita karibu na wale askari wenye bunduki pale stesheni ya Midi ukiwa unakimbia, mama yako amekwisha kuyaandika na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Nimeyasoma. Yote ni sahihi na mimi sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu. Mwezi uliopita ulikuwa jikoni unaongea kwenye simu na rafiki yako Inès, mlango uko wazi, na mimi napiga viatu rangi kwenye korido. Nikakusikia ukimwambia, huku unacheka, kwamba ukiwa na miaka tisa ulifukuzwa shule ya kwanza kwa sababu uliharibu kazi ya darasa zima kisha ukasema uongo. Ulisema kama mtu anavyosimulia habari ya zamani iliyokwisha kukubalika. Mimi nikaendelea kupiga rangi kiatu kimoja mpaka kikang'aa kuliko kipya.

Hukufukuzwa, Rehema. Hukuharibu chochote. Na uongo ule haukuwa wako. Nataka uyajue haya kabla hujasimama mbele ya darasa lako mwenyewe, na nataka uyajue kutoka kwangu.

Kuna watu wanaandika barua kama hizi wakiwa na hekima tele. Mimi nimechoka tu. Mgongo unauma, magoti yanalia nikipanda ngazi, na nimechoka zaidi kwa kubeba jambo hili. Uchovu una faida moja: mtu anakosa nguvu za kujitetea.

Acha nianzie mbali kidogo, maana ulikuwa mdogo. Mama yako ndiye aliyeitafuta shule ile. Alikuja hapa Ubelgiji kwanza na wewe, kwa kaka yake, nami nikabaki Kigoma nikisubiri karatasi. Wakati huo alikuwa akimhudumia bibi mmoja mzee kule Etterbeek, na binti wa yule bibi akamwambia kwamba hapa Saint-Gilles kuna shule ya umma, ya manispaa, haina ada, ila imepewa ruhusa kufundisha kwa njia yake. Watoto hawakai wakinakili ubaoni. Wanachagua mradi, wanaufanya kwa miezi, na hesabu, sayansi na kuandika vyote vinatoka humo humo. Watu walikuwa wanaigombania. Mama yako akapanga foleni tangu alfajiri na mvua yake, akakupatia nafasi. Aliponieleza kwenye simu nilimuuliza kama hapo watoto wanachapwa. Alicheka mpaka salio likaisha.

Lazima ukumbuke kwamba mimi nilikuwa mwalimu. Miaka kumi na moja nimefundisha darasa la tano kule Ujiji, watoto themanini na kitu, ubao mmoja, fimbo moja, kitabu kimoja watu watano. Walifaulu. Juu ya ubao nilikuwa nimeandika kwa rangi nyeupe, Samaki mkunje angali mbichi, na hakuna aliyewahi kunibishia, hata samaki wenyewe.

Nilipofika hapa ualimu wangu haukuweza kufungua hata mlango mmoja. Nilibeba masanduku, nilisugua sufuria, na baada ya hapo manispaa ikanipa kazi ya usafi, mkataba wa miezi sita sita. Kwa bahati au kwa mkosi wakanipeleka shule hiyo hiyo uliyokuwa ukisoma. Asubuhi nafagia kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, jioni narudi kudeki madarasa. Nikapewa funguo na onyo: funguo hizi ni za saa za kazi, nje ya saa hizo usionekane nazo.

Siku ya kwanza nilimkuta mwalimu wako amekaa sakafuni katikati ya watoto. Mlikuwa mnamwita Annick, jina tupu, bila madame wala nini, na yeye anaitika. Kila asubuhi mnakaa duara, kila mtoto anasimulia habari yake. Kila Ijumaa mnafanya baraza: kuna sanduku la kadibodi, mnatia vikaratasi, kimoja cha kukosoa, kimoja cha kupongeza, kimoja cha kupendekeza, na mtoto mmoja ndiye mwenyekiti, Annick anaomba ruhusa ya kusema kama ninyi. Jioni ile nilimwambia mama yako kwamba binti yetu anasomea kwenye uwanja wa michezo. Akanijibu kwamba binti yetu anaamka mwenyewe asubuhi, na je, wanafunzi wangu wa Ujiji waliamka wenyewe? Nikamwambia chai imepoa.

Mlipofika mwaka wa nne darasa lenu likaamua kufuga kuku. Kuku, katikati ya Saint-Gilles. Mkaandika barua manispaa kuomba ruhusa, mkajibiwa hapana, mkaandika tena kwa sababu nyingine. Mkamwalika jirani aliyelalamikia harufu kabla kuku hawajafika. Mkachora banda, na wewe ukachaguliwa msimamizi wa vipimo. Mwezi ule ulilala na tepu ya kupimia chini ya mto. Ulipima meza, ulipima friji, Jumapili moja ulinipima na mimi nikiwa nimelala kwenye kochi, ukaandika kwenye daftari, Papa, mita moja na sabini na mbili, bila viatu. Sijawahi kukuona na furaha kama ile tena. Najua ninachosema.

Paa ndilo mlilolifanya mwanzo, kwa sababu Annick aliwaachia mpange wenyewe na ninyi mliona paa ndilo linalopendeza. Mbao nne pana zilizounganishwa. Kila mtoto akachovya kiganja kwenye rangi, akakibandika juu, akaandika jina lake chini yake. Viganja ishirini na viwili. Chako kilikuwa cha kijani, pembeni kulia.

Ijumaa mkalipandisha juu ya kuta, likawa fupi. Mlikuwa mmepima kwa ndani badala ya kupima kwa nje, kwa hiyo kila upande lilipungua upana wa vidole vinne. Mimi nilikuwa nafagia uani. Nilimtazama Annick, nikingoja aseme. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa sanduku la mchanga, mikono yote miwili ameiweka chini ya mapaja, ameikalia. Aliwauliza tu mnaona nini. Mkabishana mpaka kengele. Ndipo nikamsikia akiwakumbusha kwamba Jumatatu saa nne atakuja mkaguzi kutoka wizarani kuona kazi yenu.

Sasa ngoja nikueleze neno hilo, mkaguzi, linamfanya nini mwalimu wa kwetu. Shuleni kwangu mkaguzi akitangazwa, wikiendi ile walimu hatuna nyumbani. Kuna somo la Stadi za Kazi, watoto wamesuka vikapu, vimepinda kama kawaida ya kazi ya mtoto. Vile vilivyopinda tunavificha stoo, tunasuka vingine sisi wenyewe. Mipini ya majembe tunaipiga msasa sisi. Madaftari mabaya tunayafungia kabatini. Watoto tunawafundisha wakiulizwa wajibu kwamba ni kazi yetu, na siku ikifika wanajibu kwa sauti moja. Hakuna aliyeona ni uongo. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na neno lake, alisema tunawasitiri watoto. Na mimi niliamini hivyo kwa moyo wangu wote, kwamba mtoto hapaswi kuaibika mbele ya mgeni, na mtu mzima yupo kwa ajili hiyo.

Ndiyo maana Jumamosi nilichukua funguo. Nilimwomba fundi Mreno wa ghorofa ya chini msumeno na randa, nikapata mbao, nikaingia shuleni hakuna mtu. Nilipima mara tatu kabla ya kukata. Nitakuambia ukweli, siku ile nilikuwa na furaha. Kwa miaka sikuwa nimefanya kazi ya mwalimu, na pale, na msumeno mkononi, nilijiona mwalimu tena. Paa likakaa sawasawa. Lile la kwanza nililikata vipande viwili lipate kuingia, nikalitupa kwenye kontena la taka nyuma ya jiko, ambalo hubebwa Jumatatu alfajiri. Kuhusu viganja, ningependa kusema sikuviona. Niliviona. Niliona rangi iliyomwagika.

Jumapili wewe ulishinda mezani unachora na kuandika na kufuta. Nilidhani ni kazi ya nyumbani. Sikukuuliza, maana nilikuwa na siri yangu na nilitaka kesho yake uione ufurahi.

Jumatatu nilikuwa uani mlipoingia. Hakuna aliyefurahi. Mlisimama mmeligeukia lile banda, kisha mtoto mmoja akauliza mikono yetu iko wapi. Mwingine, mdogo mwenye miwani, akaanza kulia, na wengine wakamfuata. Annick akauliza nani anajua kilichotokea. Hakupandisha sauti hata kidogo. Ningekuwa mimi, fimbo ingekwisha kuvunjika. Wenzako wakakugeukia wewe, kwa sababu Ijumaa wewe ndiye uliyesema kwa nguvu kwamba paa lina kosa. Halafu Annick akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye funguo.

Watu wengi hapa wanadhani siku zile sikuwa najua Kifaransa. Siku ile Kifaransa changu kilitosha kabisa. Nilielewa kila neno, na jibu nilikuwa nalo, lilikuwa maneno mawili tu. Niliwaza mkataba wangu uliokuwa unakwisha mwezi unaofuata. Niliwaza lile onyo la funguo. Lakini sitajificha nyuma ya mkate, Rehema, kwa sababu ukweli ni kwamba niliona aibu. Watoto ishirini na wawili wananitazama, baadhi yao wanalia, na mimi niliyekuwa mwalimu nimeshika ufagio na nimefanya kosa ambalo hata mtoto wa mwaka wa nne analiona.

Nikakugeukia. Nikakuambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole ambayo mtu wa pembeni angedhani nakupa pole:

"Mwambie ni wewe uliniambia darasa limekubaliana paa libadilishwe."

Ulinitazama. "Lakini Papa, si kweli."

"Sema hivyo hivyo, mwanangu. Watanifukuza kazi."

Na wewe ukageuka, ukamwambia. Ukasema vizuri, kwa Kifaransa chako safi, kwamba ulinidanganya. Kisha ukaongeza maneno ambayo sikukutuma: kwamba papa hakujua kitu, kwamba papa asilaumiwe.

Basi, hilo ndilo lililotokea. Nimeliandika sasa na naona halijazi hata ukurasa mmoja.

Saa nne mkaguzi akaja, na nilisikia baadaye kwamba alilisifu paa. Jioni nikaingia kudeki darasa lenu. Kwenye ndoo ya taka nikakuta karatasi yako ya Jumapili, umeichana mara mbili. Nikaiunganisha juu ya meza. Ulikuwa umeandika kwamba unapendekeza ziongezwe mbao nyembamba kila upande, kwamba vipimo vilivyokosewa ni vyako, na kwamba viganja visiguswe. Na mchoro, na namba, zote sahihi. Ulikuwa umekwisha kulitatua, peke yako, siku moja baada yangu. Annick alikuwa bado yupo pale kwenye dawati lake, hatua tano kutoka niliposimama. Nilikuwa na karatasi mkononi. Nikaitia kwenye mfuko wa taka, nikamwambia bonsoir, nikaenda darasa linalofuata.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini yangu imekwenda miaka tisa.

Ijumaa kwenye baraza mlango ulikuwa wazi na mimi niko koridoni. Mwenyekiti akasoma vikaratasi vya kukosoa, na karibu vyote vilikuwa na jina lako. Hawakukutukana, hawakukupiga. Walisema tu kilichowauma, mmoja mmoja, kama walivyofundishwa. Annick akakuuliza kama una la kusema, ukatikisa kichwa. Darasa likapiga kura, kazi ya vipimo ikapewa mwingine. Baada ya hapo hukusimulia kitu tena kwenye duara la asubuhi. Nilikuwa napita na mopu yangu, nakusikia ukifikiwa na zamu yako ukisema napita, aendelee anayefuata.

Ilipofika Juni nikakuhamisha. Nilimwambia mama yako, nikamwambia mjomba wako, nikamwambia kila aliyeuliza, kwamba ile si shule, ni mchezo, na kwamba mtoto wangu anahitaji imla na mitihani na nafasi ya kwanza na ya pili. Wewe nilikuambia hivyo hivyo. Lakini mtoto hupima mwenyewe, na wewe ulipima ukaona: nimefanya kosa, nimeondolewa. Sababu halisi ni kwamba sikuweza kupita kila asubuhi mbele ya darasa lililokuwa na wewe ndani, umekaa kimya kwa ajili yangu. Ningeweza kuomba kuhamishwa kazi. Nikakuhamisha wewe, ilikuwa rahisi.

Shule mpya ulifanya vizuri. Imla hukukosea. Lakini nyumbani ukaanza kuniletea kila kitu. Papa, c'est bon? Ni sawa hivi? Mchoro, insha, rangi ya mkoba, barua ya kuomba kazi ya likizo. Mwanzoni nilifurahi, nikasema tazama mtoto anavyomheshimu baba yake. Nilikuwa nasahihisha kwa kalamu nyekundu, eti. Hata fomu ya chuo umeniletea mwaka huu, umesimama nyuma ya kiti changu unangoja, na wewe Kifaransa umekizidi cha kwangu mara mia. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba siyo heshima. Wewe huamini mkono wako. Na chuo kama hiki kipo hapa hapa Brussels, ungeweza kwenda kwa tramu. Sikuuliza kwa nini Liège. Nadhani sehemu moja ya moyo wako inataka mahali ambapo hakuna mtu nyuma ya kiti, na sehemu hiyo naiombea dua.

Mimi nilibaki nikifagia shule ile ile, mpaka leo. Kuku walikuja, wakaishi chini ya paa langu, halijavuja hata siku moja. Wazazi walikuwa wanalipiga picha. Likizo za kiangazi nilikuwa nawalisha mimi. Hakuna adhabu iliyobuniwa vizuri kama hiyo, na hakuna aliyenipa.

Katika kufagia nikajifunza kidogo. Mwaka mmoja darasa jingine la Annick lilitengeneza benchi la uani. Likayumba. Wakalitengeneza tena, likayumba upande mwingine. Nilikuwa naliona kila asubuhi, na msumari mmoja tu ungelituliza, na nyundo ipo stoo kwangu. Sikugusa. Niliogopa zaidi kuliko nilivyokuwa na hekima. Baada ya majuma mengi likasimama, na siku ile watoto walinikalisha mimi wa kwanza kulijaribu, kwa sababu walisema mimi ndiye mzito kuliko wote. Nilikaa nikawaza wewe. Annick alikuwa pale ukutani, amekalia mikono yake. Nilikuwa nimedhani ni tabia tu, au ni baridi. Kumbe yule mama kila siku alikuwa anajizuia.

Sasa nikueleze nilichokifanya mwezi huu, baada ya kukusikia kwenye simu. Kwanza nilimwambia mama yako. Tangu kwao Bujumbura mpaka hapa mama yako amesikia mengi, lakini kwa hili alikaa chini. Nilidhani atanipigia kelele. Alikunja taulo zote zilizokuwa kwenye kapu, akazikunjua, akazikunja upya, kisha akasema:

"Bon. Miaka yote ile ulinificha. Lakini mimi si wa kuambiwa, Papa Rehema. Umwambie mutoto, mbele hajaenda."

Hakunisemesha siku mbili. Ile wiki uliyouliza kwa nini nyumba ina baridi, ndiyo hiyo.

Mimi nikaona nianze na Annick. Nilijiambia nikimaliza na yeye, kwako itakuwa rahisi. Amestaafu sasa, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu, na Jumapili huenda soko la Midi na kikapu chake cha magurudumu. Nikamngoja pale kwa muuza zeituni. Nikamwambia yote, kwa Kifaransa nilichokifanyia mazoezi bafuni: funguo, paa, maneno niliyokuambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Rehema, hakukumbuka. Kuku aliwakumbuka wote kwa majina. Wewe alikukumbuka vizuri, la petite au mètre, yule mdogo wa tepu, akaonyesha kwa mikono jinsi ulivyokuwa unavuta ile tepu. Viganja alivikumbuka kidogo. Lakini kwamba ulisimama mbele yake ukasema umedanganya, kwamba ulinyang'anywa kazi, kwamba aliwahi kukuamini vibaya, hakuna kitu. Alijaribu kukumbuka, machozi yakamlengalenga, akasema watoto walikuwa wengi na miaka ni mingi, naye akaniomba mimi radhi kwa kusahau. Nilisimama pale na zeituni mkononi. Kumbe nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Kitu kilichokunyamazisha wewe, kwa mwalimu wako kilikuwa Jumatatu moja tu.

Kwa hiyo hakuna mwingine wa kunisamehe wala wa kunihukumu. Mkaguzi alikwenda zake, wenzako wamekua, Annick amesahau. Tumebaki mimi na wewe, na wewe unakumbuka ile hadithi niliyokupa. Inawezekana hata yale maneno yangu ya Kiswahili yamekutoka kichwani, ukabaki na yale uliyoyasema wewe. Ndiyo maana nimeyaandika kama yalivyokuwa, neno kwa neno. Yasome mara nyingi upendavyo.

Sikuambii unisamehe. Ukishuka Liège ukakasirika, kasirika. Usiponipigia simu wiki ya kwanza, mama yako atanieleza kama unakula. Ukija Noeli ukataka tulizungumze, tutazungumza, na mimi sitasema ulikuwa mtoto huwezi kuelewa. Ukitaka kulinyamazia pia, ni haki yako. Kitu kimoja tu nakuomba: usiniletee jibu lako kwanza kwenye karatasi nilisahihishe. Nakutania. Hapana, sikutanii.

Umechagua kazi yangu ya zamani na hukuniambia kwa nini. Nina nasaha moja tu ya kazi hiyo, na sikuipata Ujiji. Siku moja mtoto atasimama mbele yako, mnyoofu, atasema ni yeye. Atasema vizuri mno. Kabla hujamwamini, inua macho umtazame mtu mzima aliyesimama karibu naye.

Na mtu akikuuliza tena kwa nini uliondoka shule ile, usicheke, wala usiseme ulifukuzwa. Mwambie baba yako alifanya kosa akaogopa, akakupa wewe ulibebe, nawe ukalibeba lote bila kuangusha hata kidogo. Mwambie ulikuwa na miaka tisa.

Baba yako,
Athumani